Nagasaki: Bandari iliyokuwa mlango wa Japani

NAGASAKI, mji ulioko katika kisiwa cha Kyushu, kusini magharibi mwa Japani, hujulikana na wengi kwa sababu ya bomu la atomiki lililoangushwa huko mwaka wa 1945. Hata hivyo, mgeni anayeuzuru hupata kwamba ni vigumu kuufahamu msiba huo pasipo kwanza kuijua bandari yenyewe.

Bandari hiyo ilifunguliwa kwa Wareno mwaka wa 1571, miaka 22 kabla ya Wareno hao hao kuanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Pamoja na biashara, ilipokea Ukristo. Watawala wa Japani waliingiwa na hofu, na mwaka wa 1597 Wakristo 26 wakasulubiwa katika kilima cha Nishizaka, ambako leo kuna mnara wa kuwakumbuka.

Wareno walifukuzwa mwaka wa 1639. Miaka miwili baadaye Waholanzi walihamishiwa Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa na binadamu kwa umbo la upepeo wa mkono. Kwa zaidi ya miaka 200 hao ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara nchini humo, na hawakuweza kutoka kisiwani bila idhini. Hapo ndipo Wajapani walipopatia elimu ya tiba na sayansi ya Ulaya. Mtalii asishangae kukosa bahari pande zote, kwani sehemu hiyo ilijazwa udongo zamani. Majengo yamejengwa upya, na tangu mwaka wa 2017 wageni huingia kwa daraja jipya.

Katika kanisa la Oura, wakazi wa kijiji cha Urakami walimwendea kasisi Mfaransa mnamo Machi 1865, wakamfichulia kwamba wao pia ni Wakristo. Mababu zao walikuwa wameirithishana imani hiyo kwa siri kwa vizazi vingi, ingawa ilipigwa marufuku.

Wazao wao walijenga kanisa kuu huko Urakami. Agosti 9, 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu lililipuka umbali wa takriban mita 500 kutoka kanisa hilo. Ndege ya Marekani ilikuwa imekusudia kuushambulia mji wa Kokura, lakini ukungu na moshi viliwazuia marubani kuuona. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 74,000 walikuwa wamefariki.

Jumba la Makumbusho ya Bomu la Atomiki huonyesha saa ya ukutani iliyosimama dakika hiyo. Karibu na hapo, lango la mawe la hekalu la Sanno lingali limesimama kwa nguzo moja tu.

Maeneo haya yote hufikiwa kwa tramu. Anayetoka Fukuoka hupanda gari la moshi hadi Takeo-Onsen, kisha huingia Shinkansen, treni ya kasi iliyoanza kufika Nagasaki mwaka wa 2022.

Manusura wa bomu hilo sasa ni wazee. Chama chao, Nihon Hidankyo, kilichoasisiwa mjini humo mwaka wa 1956, kilitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2024. Watakapokwisha, ushuhuda wao utabaki mikononi mwa waliofika na kusikia.