Pete ya nyanya: namna ya kuitengeneza upya bila kupoteza kumbukumbu yake

Katika familia nyingi za kwetu kuko pete moja ambayo kila mutu anaijua. Nyanya aliivaa siku ya ndoa, mama akairithi, watoto wakakua wakiiona mukononi mwake. Kisha siku moja jiwe linatoka na kupotea. Ao dhahabu inalika mpaka inakuwa nyembamba sawa uzi. Ao tena, wakati wa kukimbia vita, pete inauzwa barabarani ili watoto wapate chakula, na kinachobaki ni picha ya harusi tu.

Watu wanaulizaka: je, pete kama ile inaweza kutengenezwa tena? Jibu ni ndiyo, mara nyingi inawezekana. Lakini kosa kubwa linafanyikaka mwanzoni kabisa: pete inapelekwa kwa sonara, yule tunamuitaka bijutie, inayeyushwa siku ile ile, na hakuna mutu aliyeipima wala kuipiga picha. Dhahabu ikisha kuyeyuka haikumbuki tena umbo lake. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya moto. Ni ya familia.

Familia inataka kurudisha nini?

Kabla ya kutoka nyumbani, mukae pamoja na mujiulize: tunataka umbo la pete, jiwe lenyewe, ao dhahabu ile ile? Vitu hivi vitatu haviendi kila mara pamoja.

Mufano ni pete ya Diana wa Uingereza. Aliichagua mwaka 1981: yakuti ya rangi ya buluu ya karati 12, imezungukwa na almasi 14. Mwaka 2010 mtoto wake William alimupa Kate pete hiyo hiyo wakiwa Kenya. Leo nakala zake zinauzwa ulimwengu wote, zingine kwa dola chache. Umbo ni lile lile, lakini pete ambayo mama aliivaa ni moja tu.

Kwa hiyo, kama pete ya zamani ingali nzima, hata ikiwa imechoka, muifikirie mara mbili kabla ya kuiyeyusha. Inawezekana kutengeneza nakala ya kuvaa kila siku na kuiweka ile ya kwanza fasi ya usalama. Kama watoto ni wengi, kila mumoja anaweza kupata nakala. Na kama kumebaki mawe tu, sonara anaweza kuyaweka kwenye pete mupya yenye umbo la zamani. Muhimu ni wote wakubaliane mapema, sababu ugomvi juu ya urithi unaweza kudumu kuliko dhahabu.

Pima, piga picha, andika

Weka pete juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula. Piga picha toka juu, upande na ndani, muchana, bila flash. Angalia ndani kama kuko alama. Namba 750 maana yake dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Kichwa kidogo cha tai ni alama ya Ufaransa kwa dhahabu ya karati 18.

Pima uzito wa pete kwa mizani ya dhahabu, na uandike gramu pamoja na sehemu zake ndogo. Hesabu mawe, andika rangi na pima urefu na upana wa kila moja kwa milimita. Kwa kipimo cha kidole, zungusha kipande chembamba cha karatasi, tia alama pale kinapokutana, kisha pima kwa rula. Fanya hivyo magaribi, sababu kidole kinabadilika kati ya baridi ya asubui na joto la muchana.

Kama kumebaki picha ya harusi tu, tafuta wazee walioiona pete. Uliza kila mumoja peke yake: jiwe lilikuwa la duara ao la yai? Lilikuwa juu ao limezama ndani ya dhahabu? Yale ambayo wawili ao watatu wanakubaliana bila kusikilizana, hayo ndiyo ya kumuonyesha sonara.

Neno "karati" lina maana mbili

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Kwa dhahabu, karati inaonyesha usafi wake: karati 24 ni dhahabu tupu, na karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu ndani ya 24. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu tupu. Ile gramu moja inayobaki ni madini mengine, kama feza na shaba.

Kwa mawe, karati ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. Lile jiwe la Diana la karati 12 lina gramu 2.4.

Rangi ya dhahabu nayo inatoka kwenye muchanganyiko. Shaba ikizidi, pete inakuwa nyekundu kidogo. Kwa hiyo, ukitaka pete mupya ifanane na ile ya nyanya, usiseme tu "karati 18". Omba sonara alinganishe rangi pia.

Jiwe jekundu si kila mara rubi

Hii inaumizaka familia, lakini ni vizuri kujua mapema. Mwaka 1902 Mufaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi katika moto mukali. Toka wakati ule, mawe mengi mekundu kwenye pete yametoka kiwandani. Rubi ya kiwandani ni rubi ya kweli kwa madini yake, na ugumu wake ni ule ule, lakini beyi yake ni ndogo sana. Mutalamu akiangalia kwa lupe ya mara 10 anaweza kuona ndani yake viputo vya duara ao mistari iliyopinda.

Pete zingine zina kioo cha rangi tu. Kioo kinachakaa haraka: pembe zake zinalika. Lakini usijaribu jiwe kwa kulikwaruza ao kuliuma. Unaweza kuliharibu bila kujua lolote. Na usitegemee sumaku kwa dhahabu, sababu haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia. Sonara anasugua pete kidogo juu ya jiwe jeusi, kisha anatia asidi juu ya alama ile. Kipimo hicho kina maana zaidi.

Na ikijulikana kwamba jiwe la nyanya ni la kiwandani? Kama ndilo alilovaa maisha yake yote, familia inaweza kulirudisha kwenye pete bila haya. Beyi ya sokoni na thamani ya nyumbani ni mambo mawili.

Kuchagua jiwe la kuchukua fasi ya lililopotea

Ugumu wa mawe unapimwa toka 1 mpaka 10. Almasi ni 10. Rubi na yakuti ya buluu ni 9: zinafaa kwa pete ya kila siku. Zumaridi, ile wengi wanaita emerodi, iko kati ya 7.5 na 8, lakini mara nyingi ina nyufa ndani na imetiwa mafuta ili zisionekane. Usiioshe kwa maji ya moto. Tanzanaiti, jiwe la Merelani huko Tanzania linalojulikana toka 1967, iko kati ya 6 na 7, na inaogopa kugongwa.

Turmalini iko kati ya 7 na 7.5. Tunayo hapa kwetu, huko Numbi, Kalehe, Kivu ya Kusini. Kuko ya kijani, ya pinki, hata yenye rangi mbili ndani ya jiwe moja. Familia iliyopoteza zumaridi inaweza kuweka turmalini ya kijani. Malakiti ya Katanga inapendeza, lakini ugumu wake ni 3.5 mpaka 4 tu: inafaa kwa hereni kuliko pete ya mutu anayelima na kufua.

Mbele ya sonara

Kazi inafanyika kwa njia mbili. Sonara anaweza kuyeyusha dhahabu (iliyo tupu inayeyuka kwenye digri 1064), kuinyoosha, kuipiga nyundo na kuiunga kwa moto. Ao anachonga pete ya nta, anaifunika kwa plasta, nta inayeyuka na kutoka, kisha dhahabu inamiminwa ndani. Dhahabu inasinyaa ikipoa, kwa hiyo mufano wa nta unakuwa mukubwa kidogo.

Mbele ya moto, mawe yatolewe, zaidi zumaridi na tanzanaiti, sababu joto linaweza kuyapasua. Uwepo wakati yanatolewa, uyahesabu na kuyapima tena.

Andikeni karatasi mbili zenye sahihi: uzito wa pete, hesabu na vipimo vya mawe, karati ya dhahabu, beyi, siku ya kumaliza, na nani atabaki na vipande na unga wa dhahabu. Kuwa na unga kidogo ni kawaida ya kazi, lakini ni mali yako mpaka mukubaliane vingine. Sonara mwaminifu hatakasirika kuona karatasi, sababu inamulinda naye.

Hata kama hauna mupango wa kutengeneza pete yoyote, fanya kitu kimoja wiki hii: piga picha za pete ya familia pamoja na rula, andika uzito wake na jina la aliyeivaa kwanza, na utume kwa ndugu walio fasi mbalimbali. Pete inaweza kupotea njiani. Vipimo vyake vikiwa kwenye simu za watu watano, mujukuu ataweza siku moja kuirudisha mukononi.