Sarafu, Tarakilishi na Uongo: Historia Fupi ya Hojaji

Leo tuweke misimbo kando kidogo, tuzungumzie hojaji. Ndiyo, zile karatasi (siku hizi fomu za kwenye simu) zenye maswali ya kujibu "ndiyo" au "la". Sisi waunda programu huziona kama kazi ya nusu siku: visanduku vya kujaza, kitufe cha kutuma, hifadhidata, kwisha. Lakini wanasaikolojia wamehangaika nazo kwa zaidi ya miaka 140, na kilichowasumbua hasa si karatasi. Ni binadamu kuogopa kusema kweli.

Tuanzie Uingereza. Katika miaka ya 1870 Francis Galton aliwatumia wanasayansi wenzake hojaji ndefu kuhusu malezi na tabia zao. Mwaka 1880 alichapisha matokeo ya hojaji nyingine: aliwaomba watu wakumbuke meza waliyolia kiamsha kinywa asubuhi hiyo, kisha waeleze picha waliyoiona akilini. Kule Marekani, G. Stanley Hall alichapisha mwaka 1883 utafiti kuhusu watoto waliokuwa wakianza shule Boston. Watoto hao hawakujua kuandika, kwa hiyo walimu waliketi nao wakawauliza ana kwa ana. Basi tukawa na njia mbili, hojaji na mahojiano.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Marekani lilitaka kujua mapema ni askari gani wangevunjika kiakili vitani. Robert Woodworth akaandaa maswali 116 ya ndiyo au la. Vita viliisha mwaka 1918 kabla hojaji yake haijatumika sana, lakini nyingi za baadaye zilifuata mfano wake. Udhaifu unaonekana wazi: askari yeyote mwerevu alijua jibu gani lingempeleka nyumbani na lipi lingembakiza kambini.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1934. Richard LaPiere alikuwa amezunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakati ambapo ubaguzi dhidi ya Wachina ulikuwa mkali. Walifika katika hoteli na mikahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Miezi kadhaa baadaye aliwaandikia wenye biashara hizo akiuliza kama wangewapokea wageni Wachina. Waliojibu walikuwa 128, na zaidi ya asilimia 90 walisema la! Kweli, huenda aliyejibu barua si yule aliyewapokea wageni mlangoni. Hata hivyo somo lilibaki kwamba jibu la karatasini ni kitu kimoja, na tendo ni kingine.

Sasa tufike sehemu ninayoipenda. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alipendekeza kumpa mhojiwa kifaa cha kubahatisha. Njia yenyewe ina sura nyingi, na iliyo rahisi kueleza ni ya sarafu. Unauliza swali zito, mathalani, "Umewahi kutoa hongo?" Mhojiwa anarusha sarafu bila wewe kuona. Ikianguka upande wa picha, anajibu kweli. Ikianguka upande wa nambari, anairusha tena: picha anasema ndiyo, nambari anasema la, haidhuru ukweli wake ni upi.

Hesabu yake ni hii. Uliza watu 1,000. Takriban 500 watajibu kweli, na wengine 500 watajibiwa na sarafu, yaani karibu 250 watasema ndiyo kwa bahati tu. Ukipata ndiyo 350, toa 250, zinabaki 100 kati ya wale 500 wakweli. Asilimia 20! Umejua hali ya kundi zima, lakini huwezi kumshtaki hata mtu mmoja. Hongo ni ya nani? Muulize sarafu.

Mwaka uliofuata, 1966, Warner Slack na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha kazi yao ya kutumia tarakilishi iitwayo LINC kuwahoji wagonjwa kuhusu mzio. Mashine iliuliza, mgonjwa akajibu kwa kubonyeza. Wapo wagonjwa waliosema afadhali mashine kuliko daktari. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vijana wa kiume 1,690 wa Marekani. Walioulizwa na tarakilishi kupitia vipokea sauti masikioni walikiri kujamiiana na wanaume wenzao kwa asilimia 5.5. Waliojaza karatasi? Asilimia 1.5. Maswali yaleyale.

Lakini tusikimbilie kushangilia mashine. Njia hiyo ilijaribiwa pia kwa vijana hapa Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2003, na hayakuwa rahisi hivyo: faida ilitegemea swali na mahali. Kisha ODK, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ikaleta hojaji kwenye simu, na mradi wa AMPATH wa magharibi mwa Kenya ulikuwa miongoni mwa watumiaji wa mwanzo. Makosa ya kunakili karatasi yanapungua, sawa. Ila mara nyingi simu hushikwa na mhojaji, na mhojiwa bado anamtazama mgeni usoni. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini nani atafunua mbele ya mgeni, tena jirani anachungulia?

Wazo la sarafu halikufa. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake waliweka msingi wa kihisabati wa kulinda faragha kwa kuchanganya data na bahati nasibu, na mwaka 2014 Google ilieleza jinsi ilivyotumia mbinu ya Warner kukusanya takwimu ndani ya kivinjari cha Chrome.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuunda fomu kuhusu ugonjwa, mapenzi au pesa, usianze na rangi ya kitufe. Jiulize nani atamwona mhojiwa akijibu. Je, jina lake linahitajika kweli? Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini sheria hulinda data iliyokwisha kutolewa. Mtu asipokuamini hatakupa ukweli wa kulinda, na hifadhidata yako itajaa uongo uliopangwa vizuri.