Bodaboda wangu, bodaboda yangu

Asubuhi moja kijiweni Mbagala, mama muuza samaki alitua ndoo yake akauliza, "Bodaboda wangu yuko wapi leo?" Kijana mmoja akamjibu, "Shikamoo mama. Yupo, ila bodaboda yake imepata pancha."

Neno moja, ngeli mbili, na hakuna aliyejikwaa. Mama alimtaja mtu, kijana akataja chombo, na kilichowatenganisha ni viambishi tu: *wangu, yake, imepata*. Wapo wanaosisitiza kwamba dereva aitwe "mwendesha bodaboda". Sikubaliani nao. Mama yule hamwiti kijana wake kwa cheo kirefu. Humwita kama anavyomwita fundi wake.

Neno lenyewe limetoka mpakani. Huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana wenye baiskeli walivusha watu na mizigo baina ya vituo viwili vya forodha, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka: "Boda! Boda!" Mwito ukawa jina, kama "dala" ilivyozaa daladala. Pikipiki zilipochukua nafasi ya baiskeli, zilirithi na jina.

Limezaa na jamaa zake. Abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja ni *mshikaki*, picha kamili ya nyama kwenye kijiti, na kila nilisikiapo neno hilo huiona miguu ya mtoto ikining'inia karibu na ekzosi ya moto.

Mama alipandisha ndoo kwenye pikipiki nyingine, akaifunga kwa mpira mweusi. "Mwambie bodaboda wangu," alisema, "jioni namsubiri."