Simba Ukungu, Majani Makali: Otofokasi Imetutesa Tangu Lini?

Wadau, ile picha mnayoikuta mtandaoni kila siku, simba kasimama, jua linachomoza nyuma yake, manyoya yamezungukwa na mstari wa dhahabu, msidhani imekuja kirahisi. Nyuma ya picha moja iliyopostiwa kuna kadi nzima ya takataka: mnyama ukungu mtupu, majani ya mbele yake makali kama wembe. Watu wanalaumu mikono. Mara nyingi tatizo ni fokasi, na tatizo lenyewe lina historia.

Mwaka 1905 Mjerumani mmoja alitoa kitabu cha picha za wanyama alizopiga huku kwetu, enzi za ukoloni wao. Zile za usiku alitega kamera kama mtego, fokasi ameshaiweka mapema, mnyama anapita anaifyatua mwenyewe. Ujanja mtupu! Kwa miaka 70 hivi baada ya hapo fokasi iliendelea kuwa kazi ya vidole na macho.

Halafu 1977 ikaja Konica C35 AF, kakamera kadogo ka kupigia familia na sherehe. Watu wa porini walisubiri mpaka 1985, Minolta walipotoa 7000, kamera ya kubadilisha lenzi yenye injini ya fokasi ndani yake. Dunia ya picha ikachizika.

Sasa tuelewane inavyofanya kazi. Kamera inagawa mwanga unaopita pande mbili za lenzi, inalinganisha picha mbili, zikipishana inazungusha lenzi mpaka zikutane. Ila ili ilinganishe, lazima ione tofauti ya giza na mwanga. Mnyama mwenye jua mgongoni, upande unaouona wewe ni kivuli kitupu, hauna cha kushika. Juu yake, mwanga wa jua unaingia kwenye lenzi na kutandaza weupe kama chandarua. Kinachong'aa ni ncha za majani na ukingo wa manyoya. Kamera inafuata hivyo. Wewe ungefanyaje?

Na lenzi ndefu haina huruma. Milimita 400, f/2.8, mnyama yuko mita 20: sehemu inayotoka kali haifiki hata nusu mita. Fokasi ikishika jani lililo mita moja mbele ya pua, simba kwisha habari. Au inakosa pa kushika kabisa, lenzi inaenda mwisho na kurudi, zzz, zzz, huku jua letu la ikweta linapanda haraka na rangi ya dhahabu inakata.

Zile za mwanzo zilikuwa noma zaidi. Minolta 7000 ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuhisi, katikati, na ulisoma vizuri michirizi iliyosimama wima. Kwa hiyo pundamilia alikuwa mwanamitindo safi, nyati mweusi ni balaa. Canon wakaweka kihisi cha umbo la msalaba kwenye EOS-1 mwaka 1989, kinachosoma wima na mlalo. Afadhali ikapatikana.

Usidhani ilikuwa teknolojia ya mchezo. Honeywell ya Marekani iliishtaki Minolta kwamba imetumia uvumbuzi wake, na mwaka 1992 Minolta ikalipa dola milioni 127.5. Mkwanja wote huo, na nyati bado haonekani!

Wapiga picha wakajiongeza wenyewe. Wengi walitoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia na kuihamishia cha nyuma, cha kidole gumba, ili ikishashika isihame. Wakajifunza kulenga ukingo wa sikio badala ya ubavu. Na madereva wa mbugani, ambao hakuna anayewataja kwenye tuzo, wanasogeza gari hatua chache tu jua likajificha nyuma ya mgunga, weupe unapungua na lenzi inatulia. Kwangu mimi hao ni nusu ya picha.

Mwaka 2019 Sony wakaleta kamera inayotafuta jicho la mnyama, imefundishwa jicho linafananaje. Hapo mchezo ulibadilika kweli, majani hayadanganyi kirahisi tena. Ila jua likikaa nyuma kabisa, mnyama amekuwa kivuli cheusi, jicho halipo la kuonekana. Kamera ya mamilioni inaanza tena zzz, zzz, na mwenyewe anazima otofokasi, anageuza pete ya lenzi kwa mkono.