Smile ya Beach Boys: Albamu Iliyokosa Mpangilio, 1966–1967

Kati ya kazi za muziki wa roki zilizorekodiwa zisitolewe kwa wakati wake, chache zimejadiliwa kwa miaka mingi kama Smile, albamu ambayo bendi ya Beach Boys ya California, Marekani, iliianza mwaka 1966 na kuiacha mwaka 1967. Simulizi iliyozoeleka humbebesha lawama kiongozi wake, Brian Wilson, kijana wa miaka 24 aliyeelemewa na maradhi ya akili na dawa za kulevya. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini inaificha sababu nyingine nzito, nayo ni namna yenyewe ya kurekodi.

Ilikuwa kawaida wakati huo wimbo kupigwa studioni tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali Wilson aliugawa katika vipande vifupi, akavirekodi kimoja kimoja katika studio mbalimbali za Los Angeles, kisha utepe wa sumaku, yaani ukanda unaohifadhi sauti, ukakatwa kwa wembe na kuungwa upya. Njia hiyo ilizaa “Good Vibrations”, wimbo uliochukua takriban miezi saba na kushika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza mwishoni mwa 1966. Kwa albamu nzima, hata hivyo, vipande vilikuwa vingi mno, na kila mpangilio mpya ulidai utepe ukatwe tena au unakiliwe, na kila nakala ilipunguza ubora wa sauti.

Mengine yaliongeza uzito. Mike Love, mwimbaji wa bendi, alihoji maana ya maneno yaliyotungwa na Van Dyke Parks, ambaye alijitoa mapema 1967. Bendi iliishtaki kampuni yake, Capitol, kuhusu malipo. Naye Carl Wilson, mwanabendi na mdogo wake Brian, alikuwa akikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Novemba 1966, baada ya kurekodi ala zinazoigiza moto, Brian alisikia kwamba jengo la jirani limeungua, akahofu kuwa muziki wake ndio chanzo. Majalada yalikuwa yamekwisha kuchapishwa msemaji wa bendi, Derek Taylor, alipotangaza Mei 1967 kwamba kazi imeachwa, na Septemba ikatolewa Smiley Smile, albamu nyepesi iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nyumbani kwa Brian.

Baadhi ya nyimbo zilijitokeza baadaye, ukiwemo “Surf's Up” mwaka 1971, na kanda za magendo zikazunguka mikononi mwa wapenzi wa bendi. Ni mwaka 2003 tu, Darian Sahanaja, mwanamuziki aliyefanya kazi na Brian Wilson, alipoviingiza vipande vya Smile katika kompyuta, ambapo Wilson na Parks waliweza kujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine bila kukata chochote. Kazi iliyokamilika ilipigwa jukwaani London Februari 2004. Rekodi za asili zilipotolewa hatimaye mwaka 2011, wahariri walifuata kwa kiasi kikubwa mpangilio huo wa 2004, wakaambatisha, kwa uaminifu unaostahili sifa, saa kadhaa za vipande na majaribio, kwa kuwa mpangilio wa 1967 haukuwahi kuwapo.