Siku Hamsini za Kaab bin Malik

Toba ni neno jepesi mdomoni. Mtu akijikwaa husema astaghfirullah, na wengine wetu tunalitamka mara mia baada ya sala huku macho yako kwenye saa. Si vibaya. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 66, inawataka waumini watubie toba iliyo "nasuha". Wajuzi wa Kiarabu wanalirejesha neno hilo kwenye maana mbili: kitu safi kisichochanganywa, kama asali iliyochujwa, na kushona nguo iliyochanika. Ni maana hizo mbili ninazotaka tuzitazame leo, na nitazitazama katika historia, katika kisa cha Swahaba mmoja wa Madina aitwaye Kaab bin Malik.

Mwaka wa 9 Hijria, yaani 630, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitangaza safari ya Tabuk, zaidi ya kilomita 600 kaskazini ya Madina, kuwakabili Warumi. Wanahistoria wengi wanataja jeshi la watu 30,000. Kwa kawaida Mtume hakuwa akidhihirisha anakokwenda vitani, lakini safari hii aliwaambia watu wazi ili wajiandae, maana njia ilikuwa ndefu na jua kali. Na ulikuwa msimu wa tende kuiva, wakati ambapo kila mtu anapenda kivuli cha mitende yake.

Kaab hakuwa mtu dhaifu wa imani. Alikuwa mshairi aliyemtetea Mtume kwa ulimi wake, na alihudhuria ile ahadi ya Aqaba kabla ya Hijra. Wala hakuwa fukara. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hakuwahi kumiliki vipando viwili kwa pamoja ila safari hiyo. Kilichomponza ni kesho. Kila asubuhi alitoka akajiandae, akarudi hakufanya kitu, akijiambia kwamba uwezo anao. Jeshi likaondoka. Akasema nitawafuata, hakuwafuata. Alipotembea mjini akawa haoni waliobaki ila watu wanaotuhumiwa unafiki, au wanyonge wenye udhuru wa kweli.

Vita havikutokea huko Tabuk, na Mtume akarejea. Aliingia msikitini, akasali rakaa mbili, akaketi. Wakaja waliobaki nyuma, watu themanini na kitu, kila mmoja na udhuru wake na kiapo chake. Mtume akapokea maneno yao ya nje, akawaombea msamaha, na siri za nyoyo zao akamwachia Mwenyezi Mungu.

Tazama, basi, jinsi mlango wa uongo ulivyokuwa wazi. Na Kaab alikuwa fundi wa maneno! Alikiri mwenyewe mbele ya Mtume kwamba angekuwa amekaa na mtu mwingine yeyote wa dunia hii, angejua namna ya kujitoa. Lakini akasema hana udhuru wowote, na kwamba hajapata kuwa na nguvu na nafasi kama wakati ule aliobaki nyuma. Mtume akasema huyu amesema kweli, akamwambia ainuke mpaka Mungu atoe hukumu yake.

Walioshuhudia katika jamaa zake walimfuata njiani wakimlaumu, kwa nini asitoe udhuru kama wenzake? Walimshikilia mpaka akakaribia kurudi akajikanushe. Akauliza kama yuko mwingine aliyesema kama yeye. Akatajiwa Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, watu wawili wema. Akashika njia yake.

Ikatoka amri watu wasiseme na hao watatu. Murara na Hilal wakajifungia majumbani wakilia. Kaab, aliyekuwa kijana kuliko wao, alikwenda msikitini na sokoni, na hakuna aliyemjibu. Alimtolea Mtume salamu, kisha akajiuliza: je, midomo yake imetikisika au la? Siku moja aliparamia ukuta wa shamba la binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote, akamsihi aseme kama hajui kuwa yeye anampenda Mungu na Mtume wake. Baada ya kuulizwa mara tatu, Abu Qatada alijibu tu kwamba Mungu na Mtume wake ndio wajuao. Kaab akaondoka machozi yakimtoka.

Hapo ndipo ilipomfikia barua ya mfalme wa Ghassan, ikimkaribisha kwake apate heshima. Wangapi wetu wangeikataa? Kaab aliitia ndani ya tanuri. Siku ya arobaini wakaamriwa hata wake zao wajitenge nao. Mke wa Hilal peke yake ndiye aliyeomba ruhusa ya kumhudumia mumewe, kwa kuwa alikuwa mzee, akaruhusiwa.

Asubuhi ya siku ya hamsini, baada ya sala ya alfajiri, Kaab alisikia sauti kutoka mlima wa Sal' ikimpa habari njema. Alisujudu. Aya ya 118 ya Sura ya Tisa, ambayo jina lake ni Toba, ilishuka kuwahusu hao watatu ambao ardhi pamoja na upana wake iliwabana.

Wanazuoni, miongoni mwao Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, wameweka masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo tunalolikimbia mijini mwetu. Mtu ameshika shamba la mayatima, na kila Ramadhani anafuturisha mtaa mzima. Futari inaliwa, dua zinasomwa, na mayatima wako palepale wakingoja hati yao. Nguo haijashonwa hiyo, imefunikwa kwa kanzu mpya.

Kaab alimpa mleta habari nguo zake mbili alizovaa, ikambidi kuazima nyingine za kwendea msikitini. Alitaka kutoa mali yake yote sadaka. Mtume akamwambia abakize sehemu, akabakiza fungu lake la Khaibar. Akaahidi kutosema ila kweli maisha yake yote.

Alipozeeka alipofuka macho, na mwanawe Abdullah akawa ndiye kiongozi wake njiani. Ni Abdullah huyo aliyeisikia habari hii kwa babake na kuipokeza: zile asubuhi za uvivu, ule ukuta wa Abu Qatada, na midomo ile ambayo hakujua kama ilitikisika. Mzee hakuficha hata moja.