Chanjo ya Mbwa na Mtungi wa Udongo Mkoani Mara

Katika kaya za wafugaji wa Mara, kuanzia Butiama hadi vijiji vya Bunda vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mbwa amekuwa mlinzi wa zizi kwa vizazi vingi. Hata hivyo, kilichomfikishia dawa za kisasa zaidi ya yote ni hofu ya kichaa cha mbwa, yaani maradhi ya virusi yanayoenezwa kwa mate ya mnyama anayeuma, ambayo dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu huua karibu kila mara. Hofu hiyo ilipata sura ya pili mwaka 1994, wakati distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoshambulia mapafu, utumbo na ubongo, ilipoua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, takriban theluthi moja ya wote, na wachunguzi wakageuza macho kuelekea mbwa wa vijijini.

Kampeni za chanjo zilizofuata, ambazo tangu mwaka 2003 zilivizunguka vijiji vya kandokando ya hifadhi, zilitegemea mnyororo baridi, yaani mfululizo wa friji na masanduku ya barafu yanayoilinda dawa isiharibike njiani. Gari lilifika mara moja kwa mwaka, watoto wakaleta mbwa kwa kamba, kisha likaondoka. Watoto wa mbwa waliozaliwa baada ya hapo walibaki bila kinga, na kiwango cha asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa, kinachopendekezwa ili kuzuia maambukizi, kikashuka kabla ya gari kurudi. Udhaifu huo haukuwa wa wafugaji, kama ilivyodhaniwa mara nyingi, bali wa utaratibu wenyewe.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Tanzania ukionyesha kwamba chanjo mojawapo ya kichaa cha mbwa ilibaki na nguvu baada ya kuhifadhiwa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye nyuzijoto 30. Ndipo mtungi wa udongo, uliozoeleka kwa maji ya kunywa, ulipopata kazi mpya: chombo kilichoitwa Zeepot hupoza dawa kwa uvukizi, yaani maji yanayotoka kwenye udongo na kuondoka na joto, bila umeme. Mbwa waliochanjwa kwa dawa iliyotunzwa humo walipata kinga isiyopungua ile ya waliochanjwa kwa dawa ya friji. Katika kata za Mara, dawa ikaanza kukaa kwa ofisa mifugo mwenyewe, anayeweza kumchanja mtoto wa mbwa wiki ileile anapoletwa.